Maporomoko ya Mwezi wa Saba

Kalenda ilifika kwa Mama Vifungo mwezi wa kwanza, na kabla ya wiki kwisha ilikuwa imeshafunuliwa hadi mwezi wa saba na kubanwa ukutani kwa pini za kushonea. Ukimwuliza leo tarehe ngapi, alikujibu kwamba tarehe waulizwe wenye redio. Yeye alitaka picha. Ilikuwa picha ya maporomoko ya maji, marefu, meupe, yakishuka kwenye jabali jeusi, na pembeni mti mmoja uliopinda kama mtu anayechungulia kwa jirani. Chini ya picha kuliandikwa jina la mji na namna ya kufika: basi la asubuhi kutoka stendi kuu, mwendo wa saa saba.

Kila aliyeingia kupunguza suruali au kubadilisha zipu alioneshwa picha hiyo, akaambiwa kwamba imetoka mikononi mwa mwanawe. Mgeni asiyeshangaa vya kutosha, suruali yake ilichelewa siku mbili.

Mwana mwenyewe aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa tumbo. Wenzake wawili walikuwa mbali na maisha yao, dada mkubwa alikaa na mama, na yeye Kitinda alipanga chumba mtaa wa pili karibu na kiwanda cha uchapaji, alikofanya kazi ya kupanga kurasa. Picha hakupiga yeye, maneno hakuandika yeye, ila ni yeye aliyeviweka pamoja, na ni yeye aliyetia saini prufu, ile nakala ya kukaguliwa, kabla mashine haijawashwa. Kwa mama yake hiyo ilitosha kabisa kumfanya mwenye kalenda.

Pale kiwandani saini haikuwa jambo dogo. Mwaka uliotangulia walitoa kalenda yenye mwezi wa pili wa siku thelathini. Watu walicheka mpaka basi, wengine wakapiga simu kuuliza kama tarehe thelathini ni sikukuu, na mwenye kiwanda akaugua tumbo wiki nzima. Tangu hapo ikawekwa sheria: atakayefanya badiliko la mwisho ndiye atakayekagua kila tarakimu mara tatu, aiwekee alama ya kalamu nyekundu, kisha atie saini. Kitinda aliisifu sheria hiyo kuliko hata aliyeitunga.

Sasa tuje kwenye macho. Mama Vifungo alikuwa fundi wa kukupima ukiwa bado uko mlangoni. Ulikuwa hujasalimia, yeye ameshajua kiuno chako na kwamba bega la kushoto limeshuka. Halafu akaanza kujigonga kwenye milango. Akaanza kushona mkono wa kulia mahali pa kushoto. Aliwalaumu mafundi waliojenga nyumba, akailaumu taa, akamlaumu dada mkubwa kwa kuhamisha viti, mpaka siku alipomkata mteja kidole badala ya uzi, wakampeleka kwa daktari.

Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba imemla kutoka pembeni kuja katikati, polepole, bila maumivu. Kilichobaki ni tundu. Mama mwenyewe alilieleza vizuri zaidi: ni kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Vya karibu vilikatika vipande. Ukimkaribia sana aliona pua bila masikio. Vya mbali viliingia vizima. Uso wa mtu ulimwingia mzima akisimama kama hatua tatu kutoka kwake. Upasuaji ulipangwa Jumatatu, na daktari hakumficha. Huenda tundu likabaki. Huenda likaziba palepale mezani. Wasipopasua litaziba tu, wiki chache mbele.

Mama akasema kwamba kabla ya hiyo Jumatatu anataka kuona kitu kimoja kikubwa, cha mbali, kimwingie chote. Kila mtu alijua ni kipi.

Dada mkubwa alikataa. Mgonjwa wa kupasuliwa Jumatatu ataenda kurushwarushwa kwenye basi saa saba, vumbi machoni, kwa ajili ya maji yanayoanguka? Hata bomba la uani linaangusha maji. Kitinda akajipiga kifua. Ataomba ruhusa kazini, wataondoka Alhamisi, Jumamosi mama atakuwa amerudi, ameona. Alilisema neno hilo la mwisho mara mbili, na mama akamtazama kwa tundu lake, akatabasamu kama bibi harusi.

Wakaondoka. Walifika saa nane mchana, mwili umechoka, moyo umechangamka. Mji ulikuwa mweupe. Paa nyeupe, majani ya miti meupe, mbwa aliyelala stendi mweupe mpaka alipojikung'uta akawa wa kahawia. Kote kulisikika kugonga, ko, ko, ko, kama nyumba nzima ya mafundi seremala imehamia barabarani. Mama akauliza ni nini kinagongwa. Kitinda akasema labda wanajenga. Wakapata nyumba ya wageni yenye vyumba sita, mama akanawa uso na kujinyoosha kitandani, na Kitinda akarudi mapokezi kuuliza njia ya kesho.

Mwenye nyumba ile alikuwa mama mnene mwenye kicheko cha karibu. Kabla Kitinda hajamaliza kuuliza, alishika meza akacheka.

"Na nyie mmefuata maporomoko?" akasema. "Wewe wa tisa mwaka huu, mwanangu."

Akamsimulia. Hapa hakuna maporomoko, hayajawahi kuwepo, hapa ni mji wa kokoto. Nusu ya watu wanavunja mawe, nusu wanayapakia. Lakini kuna kalenda ya kampuni moja ya bima, imeandika jina la mji huu chini ya maji ya watu wengine. Walikuja bwana na bibi waliotoka kuoana juzi, wakanuniana hapohapo mapokezi, wakaondoka kila mtu na basi lake. Akaja mwalimu mstaafu, akacheka, akakaa wiki nzima, akasema tangu astaafu hajalala vizuri kama hapa penye kelele. Huyo bado anamtumia salamu.

"Aliyeipanga ile kalenda nikimtia mkononi, sijui nimkumbatie au nimzabe kofi," akasema. "Wageni ameniletea. Lakini kila mmoja ananitazama kana kwamba maporomoko nimeyaficha uvunguni."

Kitinda alisema tu kwamba hayo yatakuwa makosa ya kiwandani. Mama yule akauliza, ya nani? Akajibu hajui. Ndio ulikuwa uongo wa kwanza, na ulitoka laini kuliko alivyotegemea.

Akatoka nje kupata hewa. Nyuma ya nyumba, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na mlima uliokatwa upande mmoja, mweupe kama sukari, na alipouona tu akaujua. Alikuwa ameutazama wiki nzima kwenye kioo cha kompyuta. Ulikuwa mwezi wa saba, ule mlima, hapo mwanzo. Maporomoko yalikuwa mwezi wa tisa. Kisha mkurugenzi wa bima akapiga simu dakika za mwisho: kampuni yao ilizaliwa mwezi wa saba, kwa hiyo picha ya maji, iliyo nzuri kuliko zote, ihamie huko. Kitinda akabadilishana picha mbili. Maneno ya chini akayaacha yalipokuwa. Kisha akakagua tarakimu, mara tatu, tarakimu zote mia tatu sitini na tano. Akatia saini na kwenda kunywa chai.

Maporomoko ya kweli yalikuwa upande mwingine kabisa wa nchi. Ili kufika huko ilibidi warudi kwanza nyumbani, kisha safari ya siku mbili nyingine, na Jumatatu isingewakuta wamerudi. Foleni ya upasuaji ilikuwa ya miezi. Hilo lilikwisha, halikuwa na dawa.

Lililobaki lilikuwa dogo. Alitakiwa kuingia chumbani, kukaa kitandani, na kusema: mama, nimekosea, maporomoko hayapo hapa, kosa ni langu. Maneno yenyewe hayajazi hata mistari miwili, na yeye alikuwa mtu wa kupanga mistari. Alifika mpaka mlangoni. Akamsikia mama anaimba kwa sauti ya puani, wimbo wake wa cherehani, ule wa siku kazi inapokwenda vizuri. Akamfikiria dada mkubwa akisikia. Akaufikiria ule ukuta wa nyumbani. Akajiambia kwamba mama akiambiwa itamuumiza bure, siku chache kabla ya kisu. Alijiambia anamhurumia mama. Tuseme ukweli: alikuwa anajihurumia mwenyewe, na huruma ya namna hiyo haikosi kazi ya kufanya.

Akashuka barabarani kuuliza. Palikuwa na bwawa, wakamwambia, dogo, la kuoshea kokoto. Akalifuata. Mlinzi wa bwawa alikuwa mzee mkavu mwenye redio ndogo shingoni, na alimweleza kwamba kila siku saa tisa alasiri anafungua lango, maji yanashuka kwenye ngazi za zege kwa robo saa hivi, yanavuma kiasi cha kutisha watoto. Kitinda akauliza kama anaweza kumleta mama yake kutazama. Mzee akamtazama juu mpaka chini.

"Mlete," akasema. "Lakini maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa. Isije ikawa umemwahidi mengine."

Ijumaa asubuhi mama aliamka na nguvu za msichana. Akataka kutembea, na kule bwawani hakukufunguliwa mpaka saa tisa, kwa hiyo Kitinda hakuwa na kisingizio. Wakatembea kando ya barabara kuu, amemshika mkono. Na hapo mama akaiona ile kelele ya jana.

Walikuwa wanawake, safu ndefu, kila mmoja amekaa juu ya tairi bovu na rundo lake mbele. Mkono wa kushoto ulishika kipete cha mpira kilichokatwa kutoka kwenye tairi, kimefungwa kwenye kijiti. Kipete kinazunguka jiwe, nyundo inashuka katikati, jiwe linapasuka na hata kipande kimoja hakiruki. Mama alisimama. Alirudi nyuma hatua tatu ili mmoja wao amwingie mzima, na akabaki hapo, shingo ameinyoosha, akifuata nyundo juu, chini, juu, chini.

Akauliza kipete kinakatwaje. Yule mama wa kokoto akamwambia, akamwonesha, akamcheka kidogo, akamwuliza kazi yake. Kusikia ni fundi cherehani, wakaanza mazungumzo ya watu wa mikono: kiuno, vidole, wateja wasio na haya. Wakamsogezea tairi. Mama Vifungo akaketi juu ya tairi na gauni lake la safari, akapewa nyundo, akagonga mara nne, mara ya tano jiwe likapasuka katikati sawasawa, na safu nzima ikampigia vigelegele. Alicheka mpaka machozi yakamtoka kwenye yale macho mabovu.

Kitinda hakucheka. Alisimama kando akihesabu dakika, jasho linamtoka mgongoni, maana alijua swali linakuja. Nalo likaja. Mama akapangusa mikono, akageukia wenzake wapya: hivi kutoka hapa mpaka kule kwenye maporomoko…

"Mama, twende," Kitinda akamkatiza. "Hayo ni mawe tu. Tulichokifuata kiko mbele."

Akamwinua kwa kumshika kwapani. Mama akaomba akae kidogo, hata nusu saa. Akamwambia jua litakuwa kali. Ilikuwa saa nne tu. Akamrudisha chumbani, akakaa naye huko na mlango umefungwa mpaka saa nane, wakisikiliza nyundo kwa mbali, na mama hakuimba.

Bwawani alikuwa ameshachagua mahali tangu jana. Vichaka vilificha ukingo wa zege, na mtu akikaa juu ya jiwe fulani aliona mteremko wa maji tu, hakuona lango wala kibanda cha mlinzi. Akamkalisha hapo. Yeye akasimama pembeni, hatua mbili tatu kutoka kwake. Mzee akazungusha gurudumu. Kwanza ikaja sauti, halafu maji yakatoka, yakajitupa kwenye ngazi, yakapiga povu, na kweli yakavuma. Kwa dakika moja Kitinda mwenyewe alitaka kuamini, na akatumaini tundu la mama halitabagua rangi.

"Hayo, mama," akasema kwa sauti kubwa. "Yanatoka juu kabisa. Meupe."

"Meupe?"

"Kama shuka."

"Na mti?"

"Upo. Kulia kwake. Umepinda vilevile kama kwenye picha."

Hapo akageuka amtazame, na akakuta uso wa mama hauko kwenye maji. Ulikuwa umeelekea kwake. Akafikiri kelele imempoteza, kwa kuwa siku hizi mama aliwahi kuzungumza na kabati akidhani ni dada. Akamkaribia, akamshika kidevu kwa vidole viwili, taratibu, akamgeuza.

"Huku, mama."

Mama akakubali kugeuzwa. Alitazama huko alikoelekezwa muda mrefu, mikono mapajani, huku Kitinda akiendelea kumweleza jabali jeusi, ndege, upinde wa mvua, akitia chumvi kila alipoona kimya. Kisha mama akasema ameona, waondoke. Maji yalikuwa hata hayajapungua.

Njiani kurudi nyumba ya wageni Kitinda alihisi mzigo umeshuka. Ilipofika saa moja jioni mzigo ulikuwa umepanda tena, mzito zaidi. Hakula. Mama mwenye nyumba alimtazama kwa pembeni. Naye mama yake alizungumza kwa upole, akashukuru kwa safari, akauliza kama amefunga begi, na kila alipouliza kitu Kitinda alipata sababu ya kuinama, kufunga kiatu, kutafuta chaja.

Jumamosi kwenye basi mama alipewa kiti cha dirishani. Akamwambia Kitinda akae kile cha ng'ambo ya njia, amwone. Kitinda akasema mbele kuna mabegi yanayotaka kulindwa, akaenda kukaa mstari wa mbele nyuma ya dereva. Basi liliposimama watu wachimbe dawa, akamletea maji, akampitishia begani kutoka nyuma. Mama akasema, "Kitinda, hebu njoo usimame hapa mbele yangu." Akamjibu dereva ameshapiga honi. Honi ilikuwa ya basi jingine.

Aibu ina njia zake. Inamfanya mtu aogope macho hata ya mtu ambaye macho yanamwisha.

Jumapili alituma ujumbe kwa dada kwamba kazi zimembana. Kiwanda kilikuwa kimefungwa. Alijifungulia mwenyewe, akatoa jalada la kalenda, akatandaza prufu mezani. Tarakimu zote zilikuwa na alama nyekundu, tatu tatu, nadhifu, mpaka zinapendeza. Kwenye maneno hakukuwa na alama hata moja. Saini yake ilikuwa chini kulia. Akakaa na karatasi hiyo kwa muda mrefu, na hapo akakata shauri: kesho, kabla mama hajaingizwa ndani, atamwambia. Atamwambia yote, bwawa na kalenda na yule mama wa kofi.

Kesho ikafika. Mama alitakiwa kuingia saa mbili. Kitinda alifika getini hospitali saa moja na nusu, akapita, akaenda mpaka duka la pembeni, akarudi, akapita tena. Alipopiga moyo konde akapanda ngazi, ilikuwa saa mbili na dakika kumi, na dada mkubwa alikuwa peke yake kwenye benchi, viatu vya mama mapajani.

"Alikuwa anakuuliza," dada akasema.

Tundu liliziba. Daktari alitoka kuwaeleza mwenyewe, akavua kofia yake ya kitambaa, akasema mambo ambayo alikuwa ameshayasema, kwamba hatari hiyo ilijulikana. Mama alilipokea vizuri kuliko wote. Siku ya bandeji kutoka aliuliza kama wameshaitoa, wakamwambia ndiyo, akasema haya, basi.

Wiki zikapita. Cherehani ilihamia kwa dada mkubwa, mama akabaki kuwa jaji: alipapasa pindo kwa vidole na kurudisha kazi kwa dharau ileile ya zamani. Wateja waliendelea kuja, wengine kwa nguo, wengi kwa umbea. Kitinda alikuja kila jioni, akaleta matunda, akatengeneza bawaba ambayo haikuharibika. Lile alilokata shauri kusema halikusemwa. Alijiambia sasa halina faida.

Jioni moja alikuta mlango uko wazi na sebule imejaa kicheko. Alisimama barazani kuvua viatu. Ndani mama alikuwa anasimulia safari.

"Mji mweupe, jamani, mpaka mbwa," alikuwa akisema. Akawaeleza vipete vya mpira, akawaonesha kwa mikono nyundo inavyoshuka, akawaambia jinsi alivyopasua jiwe na kupigiwa vigelegele. Alimweleza mmoja wa wale wanawake vizuri kiasi kwamba ungeweza kumshonea gauni: bega pana, kiuno cha mzazi wa pacha, kidole gumba kimevimba. Alisema hajawahi kuona mahali penye watu wanaojua kazi kama pale. Majirani wawili wakaanza kuulizana nauli ni kiasi gani, waende mwezi ujao.

Mmoja akauliza, na maporomoko je?

"Maporomoko hakuna," mama akasema. "Kuna bwawa la zege. Maji rangi ya chai."

Wakacheka tena. Kitinda alibaki barazani na kiatu kimoja mkononi. Alingoja majirani waage, akawaacha wampite, wakamsalimu, akaitikia bila kuwaona. Dada alikuwa jikoni. Akaingia, akaketi kwenye kiti cha wateja, hatua tatu kutoka kwa mama.

"Mama, ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema meupe."

Akaanza kueleza. Yote yalimtoka, yamechelewa, yanasukumana: picha mbili, simu ya mkurugenzi, tarakimu, kwamba kosa lilikuwa lake, kwamba aliogopa kumuumiza. Mama alimsikiliza mpaka akaishiwa. Kisha akasema kosa la kalenda si kitu, hata yeye amewahi kushona suruali miguu yote ya kushoto. Na maji yale hakuyaonea uchungu. Angeambiwa ukweli angekaa na wale mama wa kokoto mpaka jioni, angerudi ameshiba.

"Lakini pale bwawani sikuwa natazama maji," akasema. "Maji ningeyatazama ya nini, nayasikia. Nilikuwa nakutazama wewe. Ulisimama mahali pazuri, ukaniingia wote. Ukawa unasema mti upo, jasho linakutoka, macho yanakimbia huku na huku. Halafu ukanishika kidevu ukanigeuza."

Kitinda akasema, "Mama, nisamehe."

"Nimeshakusamehe, mwanangu. Si hilo." Alinyoosha kitambaa kilichokuwa magotini, akakikunja, akakikunjua. "Ile ndiyo sura yako niliyobaki nayo. Wewe ukiongea hapa, ndiyo naiona. Nilitaka unipe nyingine. Nilikwambia ukae ng'ambo ya njia, nikuone. Nikakuita usimame mbele yangu. Jumatatu nikawauliza wauguzi, wakaniambia hujafika."

Akakiweka kitambaa pembeni.

"Njia nzima ulinipa kisogo," akasema.

Kitinda alibaki palepale kwenye kiti cha wateja, ameinua uso, ameuelekeza kwa mama bila kupepesa, hatua tatu, mpaka dada mkubwa alipotoka jikoni na kumwuliza kwa nini amemkodolea mama macho namna hiyo.